Silinda ya Tano

Saa kumi na moja alfajiri, Sakina bado imejifunika ukungu,
nafungua geti kama mwizi wa mali yangu mwenyewe.
Nashipai amelala. Au amejifanya.
Gari: milango miwili, rangi ya damu ya mzee,
umri wangu kasoro miaka mitatu,
na silinda ya tano inakohoa.

Nyingine sina ugomvi nazo.
Ya kwanza hadi ya nne zinafanya kazi bila kubembelezwa,
ya sita huitika ikiitwa.
Hiyo ya tano nimeipa plagi mpya, nimeipa waya mpya,
nozeli yake nimeilaza usiku kucha kwenye petroli;
asubuhi ikaamka na kikohozi kilekile,
kama mtoto anayejua leo kuna shule.

"Toa hiyo takataka," alisema Zefania, fundi wa Unga Limited,
mkono mzima umezama ndani ya injini kama anamzalisha ng'ombe.
"Tia ya Toyota. Spea zake hata duka la chumvi zipo.
Huyu Mjerumani atakufilisi, halafu akudai risiti."
Gereji nzima ikacheka. Hata aliyelala chini ya Noa alicheka,
niliona miguu yake ikitikisika.

Sikumjibu. Ningejibu nini?
Kipenda roho hula nyama mbichi;
changu kimekula pango la miezi miwili,
kikala na mbuzi wa Krismasi,
na bado kinanikodolea macho manne ya mviringo.

Mwaka juzi nililishusha: springi fupi, sentimita nne.
Likajiinamia kama chui aliyeona kitu.
Nikatamba siku mbili.
Ya tatu, tuta la Tengeru likalikwangua tumbo
kutoka bampa mpaka difu,
na mama muuza ndizi akasema, "Pole, baba,"
kwa sauti ya msibani.
Nikarudisha springi za zamani, nyuma tu.
Za mbele nimeziacha. Mtu hawezi kushindwa kotekote.

Babu wa babu yangu alibeba mawe ya boma, pale mjini,
Mjerumani amesimama nyuma yake na kiboko.
Hakulipwa. Risiti aliandikiwa mgongoni.
Leo mimi namlipa Mjerumani gasketi kwa euro,
kifurushi kinakaa forodhani wiki tatu,
kikifika nakifungua polepole, kama barua.
Sijui yule babu angecheka au angetema mate.
Najua angeigusa boneti. Kila mtu huigusa.

Naivuka Ngaramtoni, trafiki na tochi yao bado wamo kitandani,
Meru mkono wa kulia, mweusi, kilele kinaanza kupata rangi
ya chai ya rangi.
Gia ya pili. Ya tatu. Kioo nimekishusha nisikie.
Mizunguko elfu tatu: inakohoa.
Elfu nne: inakohoa, lakini kwa aibu.
Elfu nne na nusu,
zote sita zinashikana,
sauti inanyooka kama shuka linalovutwa na watu wawili,
na kwa kilomita tatu hakuna deni, hakuna pango,
hakuna Toyota.

Kisha ng'ombe.
Wanavuka lami bila haraka, hawajawahi kuchelewa popote.
Nasimama. Injini inashuka, kikohozi kinarudi.
Kijana mwenye fimbo anakuja dirishani, anatega sikio.
"Gari lako linaumwa."
"Najua."
"Si ulipe dawa?"
"Nalipa," namwambia. "Kila mwezi nalipa."
Inamchukua muda, kisha anacheka mpaka fimbo inamponyoka,
anaiokota, anaigusa boneti,
anaufuata mkia wa mwisho.

Nikirudi, Nashipai yuko getini,
khanga begani, mswaki mdomoni.
Ananipa ishara nisizime.
Anasikiliza, kichwa upande, kama anasikia jina la mtu anayemfahamu.
"Siyo plagi," anasema. "Ni vali."
Anatema povu, anaingia ndani.